Muuza Vifungo Asiye na Kifungo

Kama hukulipata gazeti la Jumamosi iliyopita, usijisumbue kulitafuta. Lililokuwemo ni hili tu: mimi, Malaki Considine, muuza uzi na vifungo katika duka la nguo, niligeuka kuwa Mbunge wa Kilnamarra kwa sababu wagombea wawili wa maana walitwangana makonde mbele ya Padre Costigan. Padre, kwa hasira, akamnyooshea kidole mtu wa kwanza aliyemwona amekaa kwa utulivu.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetulia kwa sababu jino lilikuwa linaniuma.

Basi nikaenda London, nikakaa mwaka mzima kwenye viti vya nyuma vya Bunge. Wenzangu kutoka Ireland wakipiga kelele, nami nilipiga. Wakinyamaza, nilinyamaza. Tuliachana pale niliporudi nyumbani mwezi wa Machi, mwaka wa elfu moja mia nane themanini na moja, nikakuta balaa limeniketia mlangoni.

Balaa lenyewe ni kwamba nilikuwa sijafungwa.

Serikali ilikuwa imetunga sheria mpya. Mtu yeyote akionekana anawachochea wakulima dhidi ya makabaila, anatiwa ndani, hakuna cha kesi wala cha wakili. Wenzangu walikuwa wanakwenda jela kama watu wanaokwenda harusini. Na waliotoka, wametoka na heshima ambayo hata askofu hana.

Mfano ni Lorcan Mulqueen, mchinjaji wetu. Alikaa ndani miezi mitatu kwa kumwita askari polisi nguruwe. Tangu atoke, watu walinunua nyama kwake hadi siku za Ijumaa, na sisi ni Wakatoliki, tusiokula nyama Ijumaa.

"Mheshimiwa," Peig Looney, muuza mayai, aliniita sokoni, kwa sauti ya kufika mpaka kanisani. "Eti ni kweli ulikuwa unauza vifungo?"

"Ni kweli, mama."

"Vya kila aina?"

"Vya kila aina. Vya mfupa, vya shaba, vya pembe."

"Sasa ilikuwaje ukavimaliza vyote, usijibakizie hata kimoja? Maana wenzako wote naona wana kifungo. Wewe tu ndiye huna."

Soko zima lilicheka. Mulqueen alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Jioni Padre Costigan akaniita. Hakunikaribisha kiti.

"Malaki, mkutano wa uteuzi ni baada ya wiki tatu. Mulqueen anaitaka nafasi yako. Mimi ndiye niliyekuchagua, kwa hiyo aibu ni yangu. Nitawaambia nini watu? Kwamba mgombea wetu ana mwandiko mzuri?"

"Nifanye nini, Padre?"

"Fungwa."

"Nafungwaje?"

"Mwanangu, nchi hii imejaa watu wanaofungwa bila hata kujitahidi. Jitahidi."

Nikajitahidi. Jumapili, watu walipotoka misani, nilipanda mkokoteni nikahutubia kama sijawahi kuhutubia. Nilitangaza kwamba Kanali Prendeville, kabaila aliyemiliki kila shamba mnaloliona kutoka mlango wa kanisa, atengwe kabisa. Asipikiwe. Asifuliwe. Farasi wake wasipigiliwe vyuma vya kwato.

"Na ng'ombe wake wasikamuliwe," nilinguruma. "Na mkono wowote utakaogusa chuchu ya ng'ombe wa Kanali, mkono huo usipewe salamu katika Kilnamarra mpaka uoze."

Walinishangilia. Nilishuka mkokotenini nikaenda moja kwa moja kwa Sajini Gilhooly, aliyekuwa pembeni na daftari lake. Nikanyoosha mikono yangu miwili, nimeiunganisha tayari.

"Umeandika yote, Sajini?"

"Yote, Mheshimiwa. Pale kwenye kuoza ulikwenda mbio kidogo, lakini nimepata."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Hunikamati?"

Gilhooly aliangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, mwenye masharubu mekundu, na kazi ile ilikuwa haimpendezi hata kidogo.

"Mheshimiwa, nimewaandikia wakubwa wa serikali huko Dublin mara tatu juu yako. Nimekusifia hata pasipostahili. Leo asubuhi wamenijibu." Akatoa karatasi mfukoni.

Ilikuwa na maneno matano. *Considine asiguswe. Hana madhara yoyote.*

"Tafadhali usimwonyeshe mtu," nilisema.

"Sijamwonyesha mtu," alisema Gilhooly. "Isipokuwa mke wangu."

Kabla ya saa kumi mji mzima ulikuwa unaniita Hana Madhara. Watoto wa shule walinipisha njiani kwa heshima ya kejeli, wakisema, "Pita tu, Mheshimiwa, hatukuogopi."

Wiki moja nililala na jina hilo. Jumapili iliyofuata nikapata wazo.

Kanali Prendeville mwenyewe alikuwa hakimu wa amani. Yeye angeweza kutia saini hati ya kunikamata bila kuwauliza Dublin. Kwa hiyo ningekwenda nyumbani kwake, nimtukane uso kwa uso, nimtukane mpaka na mababu zake, na asipotosheka nitavunja sahani.

Baada ya misa nilizunguka nyuma ya shamba lake, nikaruka ukuta wa bustani ili mtu yeyote asinione. Mbunge aliyetangaza kutengwa kwa Kanali hawezi kuonekana anapitia geti la Kanali.

Nikagonga mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya tusi la kwanza.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka arobaini hivi, ana masizi puani, mikono imeungua, na aproni aliyoifunga kinyume. Alikuwa Bi Araminta, dada yake Kanali. Nilikuwa nimewahi kumwona kupitia dirisha la gari la farasi tu.

"Kama umekuja kututukana, kaka yangu hayupo," alisema. "Amekwenda London tangu Jumanne kutafuta wafanyakazi. Unaweza kunitukana mimi, lakini itabidi uingie. Nimeacha kitu motoni."

Niliingia. Kitu kilichokuwa motoni kilikuwa viazi, na vilikuwa vimeshageuka makaa. Katika nyumba ile yenye vyumba ishirini na sita hapakuwa na mpishi, hapakuwa na mfuaji, hapakuwa na mtu. Karibu wote walikuwa wameondoka siku ile ile ya hotuba yangu.

"Wewe ndiye Considine," alisema, akikwangua sufuria. "Nilisoma hotuba yako. Ile sehemu ya kuoza ilikuwa nzuri."

Tusi lote lilikuwa limenikauka mdomoni. Na nje, nyuma ya jiko, kulikuwa na sauti.

Sijui kama umewahi kumsikia ng'ombe ambaye hajakamuliwa. Si kulia kwa njaa, wala si kuita ndama. Anaguna kwa uchungu, kwa muda mrefu, halafu ananyamaza kama anayekusubiri ujibu.

"Ni nani huyo?" niliuliza.

"Juliana. Hajakamuliwa tangu juzi, mkamuaji wetu alipotoroka naye. Nilijaribu jana, akanipiga teke goti la kulia. Leo asubuhi nikajaribu upande mwingine, akanipiga la kushoto." Hakulisema kwa kujionea huruma. "Nasikia kuna mheshimiwa fulani amekataza."

Mimi nilikulia kwenye kibanda chenye ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo ndiye aliyetulisha. Nilivumilia ile sauti kwa muda wa dakika tano. Saa ya ukutani ikagonga tisa. Nikavua koti langu la kibunge, nikakunja mikono ya shati.

"Ndoo iko wapi?" nilisema.

Kiwele kilikuwa kigumu kama jiwe, na kina moto. Niliweka paji la uso ubavuni mwa Juliana, nikaanza taratibu, nikimwimbia ule wimbo mama yangu anaowaimbia ng'ombe. Bi Araminta alishika mkia. Maziwa yalipoanza kutoka yule mnyama alishusha pumzi, na sisi wawili tukashusha pumzi pamoja naye.

Kisha nikamfundisha.

"Mkono wako wa kushoto, Bi Araminta, unabana kama unamkaba mtu koo."

"Samahani. Nilikuwa namfikiria mheshimiwa fulani."

Tulicheka. Ndiyo, tulicheka, mimi na dada yake Kanali, tumekaa kwenye majani makavu. Tukakamua ng'ombe wote watatu, nikanywa maziwa ya moto kikombe kizima, na muda ukaenda.

Nilipoagana naye nilimwomba kitu kimoja.

"Asijue mtu yeyote. Nikijulikana, nimekwisha."

"Naapa," alisema. "Na wewe usimwambie mtu kwamba nilicheka. Kaka yangu atadhani nimeugua."

Nikaruka ukuta, nikashika njia ya nyumbani. Darajani nikakuta askari sita wenye bunduki, na mbele yao Sajini Gilhooly.

"Malaki Considine, uko chini ya ulinzi."

Nilitaka kumkumbatia. "Hatimaye," nilisema. "Ni ile hotuba, eh? Ni pale kwenye kuoza?"

"Si hotuba." Sura yake haikuwa ile ya siku zote. "Bwana Cottle amepigwa risasi saa tisa, kwenye barabara ya kinu."

Cottle alikuwa msimamizi wa mashamba ya Kanali. Ndiye aliyekuwa akija na watu wenye nyundo na magongo kuwatoa wakulima nyumbani kwao. Hakuna mtu katika Kilnamarra ambaye hakuwahi kumwua Cottle moyoni, lakini moyoni tu.

"Amekufa?"

"Hajafa. Imempata makalioni. Hawezi kukaa, hawezi kulala chali, na hawezi kunyamaza."

Askari mmoja alijifanya anakohoa.

"Na mimi nimeingiaje hapo, Sajini?"

Gilhooly akachukua gobore kutoka kwenye gari lao, akaligeuza ili nione kitako. Palikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa kisu: M.C.

"Tumelikuta mtaroni, likiwa bado na joto. Niambie wewe, Mheshimiwa, M.C. ni nani?"

Nililijua lile gobore. Lilikuwa la baba yangu, Mortimer Considine, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Lilikuwa limefichwa kwenye dari ya nyasi nyumbani kwa mama tangu kabla sijajua kutembea. Nikawaza, kuna mtu ameliiba.

"Ulikuwa wapi saa tisa?" aliuliza Gilhooly. Na nakuapia, aliuliza kama mtu anayetaka sana nimpe jibu zuri.

Nikafungua mdomo.

Wakati huo daraja lilikuwa limeanza kujaa watu waliotoka kuangalia mchezo uwanjani. Peig Looney alikuwa mbele. Aliangalia gobore, akaniangalia mimi, akaangalia gobore tena. Kisha akavua shali yake ya sufi, ile asiyoivua hata kanisani, akanivisha mabegani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Tulikuwa hatukujui."

Mulqueen mchinjaji alivua kofia. Uso wake ulikuwa mweupe kama mafuta ya kondoo. Mtu mmoja nyuma akaanza kuimba, wakafuata wote.

Nilikuwa nimefungua mdomo wenye ladha ya maziwa ya Kanali. Nikaufunga.

"Sitasema," nilimwambia Gilhooly, kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia.

Hayo ndiyo ninayoungama leo. Sikunyamaza kwa ushujaa. Nilinyamaza kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu.

Jela ilinipokea kama mgeni wa heshima. Wafungwa walisimama nilipopita. Askari jela mmoja aliniomba nimwandikie jina langu kwenye karatasi, ampelekee mama yake. Siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Ireland.

Siku ya nne akaja Padre Costigan, anang'aa.

"Umeteuliwa bila kupingwa. Mulqueen mwenyewe ndiye aliyekupendekeza, huku analia. Kuna wimbo wako tayari, una beti kumi na tisa."

"Padre, adhabu yake ni nini?"

"Adhabu ya nini?"

"Ya kujaribu kuua."

"Ah, hiyo. Kazi ngumu, maisha." Alilisema kama mtu anayetaja siku ya mnada wa kondoo. "Lakini jina lako, Malaki. Jina lako litaishi."

"Na mimi je?"

"Na wewe utaishi. Ila utakuwa machimboni, unapasua mawe."

Ule wimbo wenye beti kumi na tisa ukaniishia masikioni papo hapo. Nikapiga magoti.

"Padre, nataka kuungama. Sikumpiga Cottle."

Alivaa shingoni stola yake, ule mtandio wa kuungamishia, akakaa. "Ulikuwa wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, tangu ukuta mpaka kikombe.

"Ulimkamua?"

"Nilimkamua, Padre."

"Chuchu zote nne?"

"Zote nne. Na wenzake wawili pia."

Padre Costigan alifunika uso kwa kiganja. "Mwanangu," alisema, "ungekuwa umeua, ningejua la kukuambia."

Hakuruhusiwa kumwambia mtu, maana nilikuwa nimeungama. Ila kabla ya kuondoka aliniwekea mambo wazi. Nikisema ukweli, Bi Araminta atashuhudia na nitaachiwa. Lakini Kilnamarra nisirudi tena. Na mama yangu huko nyumbani asitegemee mtu wa kumpa hata maji.

Nilifikiri siku tatu. Mwishoni woga ukashinda, kama kawaida yake kwangu. Nikaamua: nitasema.

Siku moja kabla ya kusomewa mashtaka, mama akaja kunitazama. Anaitwa Bedelia, ana miaka sitini na minane, ni mdogo kama ndege, na macho yake yanaona mpaka mwisho wa mkono wake tu. Aliniletea mkate wa magadi umefungwa kwa kitambaa.

"Umekonda," alisema.

"Mama, ni siku nane tu."

"Wewe hukonda haraka. Ulikuwa hivyo tangu ukiwa mchanga."

Askari jela, kwa heshima, akasogea kando. Nikamwinamia mama.

"Mama, sikiliza. Sikumpiga Cottle."

"Najua hukumpiga."

"Unajuaje?"

"Malaki, tulipochinja bata wa Krismasi ulilia mpaka ukatapika. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili."

Nikamweleza nilikokuwa. Nilitegemea apigwe na butwaa. Yeye akawa anakata mkate.

"Juliana ni yule mwekundu?" aliuliza. "Namjua mama yake. Ulifanya vizuri. Mnyama hana siasa."

"Basi kesho nitasema mbele ya hakimu. Bi Araminta atashuhudia, nami nitatoka."

Kisu kikasimama katikati ya mkate.

"Usiseme," alisema mama.

"Ni maisha, mama. Kazi ngumu."

"Najua. Lakini wakijua si wewe, watatafuta mwingine."

"Na wamtafute. Aliyeiba gobore la baba huyo ndiye—"

"Hakuna aliyeliiba."

Nilimwangalia. Alikuwa anakusanya makombo ya mkate kwa kidole, moja moja.

"Unamkumbuka Sabina Garrihy," alisema.

Nitamsahauje? Ni jirani yetu mjane. Ndiye aliyeninyonyesha mama alipougua homa.

"Ijumaa ile Cottle alimtoa nyumbani. Sawa, wametolewa wengi. Lakini ule moto wake, Malaki. Uliwashwa na bibi yake. Haukuzimika hata siku moja, hata mwaka wa njaa, walipokuwa hawana cha kuupikia. Cottle akainua ndoo ya maziwa, maziwa ya Sabina mwenyewe, akaumwagia."

Nilimsogelea karibu zaidi.

"Sabina hakulia. Nilimchukua kwangu. Siku mbili akakaa anautazama moto wangu, hali, hasemi. Jumapili, wakati nyote mko uwanjani, au zizini, nikapanda ngazi nikalishusha lile gobore la baba yako."

"Mama."

"Nililenga farasi. Macho yangu unayajua."

"Ulitaka kumwua farasi?"

"Nilitaka Cottle atembee kwa miguu, kama Sabina alivyotembea."

Nikashika meza. "Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Nilikuwa njiani. Nilikuwa nakwenda kwa Gilhooly nimweleze mwenyewe. Nikafika darajani nikakukuta umevishwa shali ya Peig, watu wanakuimbia, na wewe unatabasamu. Sijakuona ukitabasamu vile tangu ulipopata kazi dukani." Alinisukumia kipande cha mkate. "Nikasema moyoni, ngoja kwanza. Mwache afurahi kidogo. Kesho nitawaambia. Halafu kesho yake wakakupeleka huku."

"Wewe hutasema kitu," nilimwambia.

"Nitasema. Kesho, mbele ya hakimu."

"Mama, utafia jela. Mwezi mmoja hutaumaliza."

"Na wewe utaumaliza? Wewe unayelilia bata?"

Tulibishana kwa kunong'ona mpaka askari jela akakohoa. Mwishoni nilimwapisha kwa kaburi la baba kwamba hatasimama kusema. Aliapa kwa shida, na hakuniaga. Alikunja kitambaa chake akaondoka.

Asubuhi wakanirudisha Kilnamarra kwa gari la farasi. Ukumbi wa mahakama ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mgeni, mzee mwenye mafua, ambaye alitaka sana kurudi kwao. Cottle alitoa ushahidi wake akiwa amesimama. Alipoelekezwa kiti akakikataa, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hakimu akapenga kamasi.

"Malaki Considine," alisema, "una la kusema?"

Mama alikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Padre alikuwa mbele, macho kwenye rozari. Nilisimama.

Mimi ni mwanasiasa. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, mwingine mbele ya umati wa watu elfu tano. Lakini huu ulikuwa wa kwanza ambao ningeulipia mwenyewe.

"Nilimpiga mimi," nilisema. "Peke yangu. Hakuna mtu mwingine aliyejua."

Ukumbi ulilipuka. Mulqueen alikuwa amepanda juu ya benchi. Peig Looney alikuwa analia na kubusu kila aliyekuwa karibu naye. Hakimu alipiga nyundo mpaka mpini ukalegea. Katikati ya ghasia hiyo nilimwona mwanamke amesimama upande wa kulia, amevaa glavu nyeupe, anangoja watu wanyamaze.

Walinyamaza. Hakuna aliyetegemea kumwona dada yake Kanali pale.

"Bwana hakimu," alisema Bi Araminta, "mtu huyu anasema uongo. Niliapa sitatamka neno, na leo ninavunja kiapo changu, kwa sababu sikuapa kumwangalia akipelekwa machimboni."

Nilitikisa kichwa. Nilimtikisia kichwa kwa nguvu zangu zote. Yeye akadhani ni adabu.

"Saa tisa alikuwa kwenye zizi letu," alisema. "Alikuwa anakamua ng'ombe. Mkia nilishika mimi mwenyewe."

Hakuna aliyepiga kelele. Mulqueen alishuka polepole kutoka kwenye benchi.

"Anakamua," alisema Peig Looney, kwa sauti ndogo, kama mtu anayerudia jina la ugonjwa aliotajiwa na daktari.

Nilijua nimekwisha. Ubunge umekwenda, jina limekwenda, wimbo na beti zake umekwenda. Na ukweli ni kwamba havikuniuma hata kidogo, kwa sababu sikuwa nawaangalia wao. Nilikuwa namwangalia Sajini Gilhooly.

Gilhooly alikuwa amesimama karibu na meza ya hakimu, ambapo gobore lilikuwa limelazwa. Alikiinamia kile kitako. Akapitisha kidole gumba juu ya M, kisha juu ya C, polepole, kama anayejisomea. Alikuwa mtu wa Kilnamarra. Alimzika baba yangu, Mortimer, pamoja nasi, alibeba jeneza upande wa kushoto.

Akavua kofia yake.

Akapita katikati ya watu mpaka nyuma, akaketi kwenye benchi kando ya mama yangu. Hakumgusa. Alimwinamia sikioni akamwuliza jambo moja, kwa upole, kama mtu anayemwuliza mzazi wake habari za asubuhi.

Na mama, aliyeapa kutosimama, hakusimama. Alimgeukia Gilhooly, akakunja mikono yake magotini, akaanza kumjibu.